Ufashisti Huanzia Nyumbani: Mafunzo ya Kuongoza Kikundi cha Kusoma na Kutazama

Wengi wanaotaka kufundisha ufashisti kwa filamu huanza na gwaride. Huleta vipande vya mikutano ya Wanazi, chama cha Hitler, mjini Nuremberg: bendera, mabuti na mikono iliyonyooshwa, kisha huuliza watu wameona nini. Jibu huwa lile lile: tumeona askari wengi na mtu mmoja anayefoka. Kikao kinaisha bila yeyote kuuliza ni nani aliyezipiga pasi zile nguo. Baada ya kuongoza vikundi vya usomaji juu ya mada hii, nina hakika na jambo moja. Anayetaka kuelewa jinsi madikteta wa kifashisti, Mussolini wa Italia na Hitler wa Ujerumani, walivyoingia vichwani mwa watu, afuate namna mwanamume na mwanamke walivyopangiwa kazi, na aifuate kwa utaratibu: sheria kwanza, filamu za utawala wenyewe pili, kazi za wapinzani mwisho. Ukibadili utaratibu huo utaona madhara yake kwenye mjadala, na nitaeleza kwa nini.

Kikao cha kwanza kisiwe na filamu. Watu watanung'unika, maana wamekuja kuona picha, lakini vumilia. Wape karatasi moja yenye sheria za Italia upande mmoja na za Ujerumani upande wa pili. Kwa Italia anza na 1927, mwaka ambao kodi ya makapera ilianza kutozwa: mwanamume yeyote wa miaka 25 hadi 65 asiye na mke alilipa. Mei 26 mwaka huo huo Mussolini alitoa hotuba akitaka Waitalia, waliokuwa takriban milioni 40, wafike milioni 60 ifikapo katikati ya karne. Mwaka 1930 ikaja sheria mpya ya jinai, na kifungu chake cha 587 kilimpa kifungo cha miaka mitatu hadi saba tu mwanamume aliyemuua mke, binti au dada yake baada ya kumfumania, kwa kisingizio cha kulinda heshima. Kifungu hicho kiliendelea kuwepo baada ya ufashisti kuanguka na kilifutwa 1981. Mwaka 1938 amri nyingine ikataka wanawake wasizidi asilimia 10 ya wafanyakazi wa ofisini.

Upande wa Ujerumani, 1933 maharusi walianza kukopeshwa hadi marki 1,000 kwa sharti kwamba bibi harusi aache kazi, na kila mtoto aliyezaliwa alifuta robo ya deni. Watoto wanne, deni limekwisha. Desemba 1938 ukaanzishwa msalaba wa akina mama, yaani nishani: wa shaba kwa watoto wanne, wa fedha kwa sita, wa dhahabu kwa wanane.

Wape watu dakika ishirini wasome kimya, kisha kwa kila sheria waulize maswali matatu: nani analipa, nani anapokea, nani amefungiwa mlango. Hapo ndipo mambo yanapoanza kuonekana. Kodi ya makapera ilimbana mwanamume, na hilo huwashangaza wanaodhani ufashisti uliwapendelea wanaume wote. Uliwapendelea wale waliokubali kuwa mume, baba na askari. Aliyekosa mojawapo ya hayo alianza kutiliwa shaka. Neno hili likiwaingia watu mapema, kila filamu itakayofuata itasomeka kwa urahisi.

Bado katika kikao hicho, simulia siku ya pete. Desemba 18, 1935, Italia ikiwa vitani Ethiopia na ikiwa imewekewa vikwazo vya kiuchumi, wanawake waliitwa kutoa pete zao za ndoa kwa taifa. Malkia Elena alitangulia, pale kwenye mnara wa taifa jijini Roma, na kila aliyetoa dhahabu alirudishiwa pete ya chuma. Waombe watu wakae na picha hiyo. Mwanamke anavua pete aliyovishwa na mume wake, anavaa ya chuma aliyopewa na dola. Hakuna risala inayoeleza ufashisti kwa ufupi zaidi ya hapo.

Kikao cha pili ndicho cha filamu za utawala, na hapa ndipo waandaaji wengi hukwama kwa sababu ya hofu. Wanaogopa kwamba wakionyesha propaganda watakuwa wanaieneza. Ujerumani ina utaratibu unaofaa kuigwa: filamu zipatazo 40 za enzi ya Wanazi haziruhusiwi kuonyeshwa ovyo, ila huonyeshwa zikitanguliwa na maelezo ya mtaalamu na kufuatiwa na mjadala. Fanya vivyo hivyo. Usimpe mtu filamu hizi aende nazo nyumbani bila mazungumzo, wala usizikate vipande vifupi mno hadi watu washindwe kuhisi zinavyovuta. Lazima wahisi mvuto wenyewe, la sivyo watatoka wakiamini kwamba Wajerumani na Waitalia wa wakati ule walikuwa wajinga.

Kwa Italia chagua Lo squadrone bianco ya Augusto Genina, ya 1936. Luteni kijana amependa mwanamke tajiri anayemchezea. Anakimbilia jangwani Libya, anawekwa chini ya kapteni mkali, anapata mafunzo kwa kiu, mchanga na vita. Kapteni anakufa, kijana anashika nafasi yake. Mwanamke yule anakuja hadi ngomeni kama mtalii, na kijana anamkataa. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Mussolini kule Venice. Haina hotuba za chama za kukuchosha, ndiyo maana inafanya kazi. Mtazamaji anajikuta amefurahi kwamba yule mwanamke ameachwa. Simamisha hapo hapo uulize: nani amekufundisha kufurahi? Fuatilia pia kamera inavyomtengenezea jina baya tangu mwanzo: yuko katikati ya fanicha za fahari na starehe za mjini, na kila kilicho laini kimewekwa upande wake. Walibya wenyewe, ambao ardhi ni yao, wamebaki kuwa mandhari au adui.

Filamu ya mkutano wa Nuremberg wa Septemba 1934, Triumph des Willens, ni ndefu na yote haihitajiki. Vipande vitatu vinatosha: msafara wa Hitler akiingia mjini, asubuhi ya kambi ya vijana, na wale wanaume 52,000 wa kikosi cha kazi wenye makoleo. Tazameni mara ya kwanza bila sauti. Muziki ukiondolewa, macho huanza kuhesabu. Katika msafara wanawake wapo, ila ni watazamaji: wanacheka, wananyoosha mikono, na mmoja mwenye mtoto anamfikia Hitler na kumpa maua. Katika kambi hakuna mwanamke hata mmoja. Vijana wanaogeshana, wananyoana, wanachana nywele, wanapakuliwa chakula. Kazi zote ambazo sheria za kikao cha kwanza zilisema ni za mama nyumbani, hapa zinafanywa na wanaume kwa furaha, wakiwa pekee yao. Watu wengi hawalioni hili hadi waonyeshwe, na wakishaliona hawalisahau. Dunia ile iliyoahidiwa vijana ilikuwa dunia isiyomhitaji mwanamke isipokuwa kwa kuzaa na kushangilia. Atatokea mtu akumbushe kwamba mwongozaji mwenyewe, Leni Riefenstahl, alikuwa mwanamke. Ni hoja nzuri, usiikwepe. Utawala uliowaondoa wanawake maofisini ulimpa mmoja fedha na kamera kwa sababu alikuwa na manufaa kwao, na yeye akazipokea.

Ukipata nafasi, ongeza Die große Liebe ya 1942, maana ndiyo inayoonyesha propaganda ikiwa imevaa gauni la mapenzi. Zarah Leander ni mwimbaji anayempenda rubani wa kivita. Kila wakitaka kuoana vita vinamwita rubani, na kazi ya mwanamke ni kujifunza kungoja bila kulalamika. Takriban tiketi milioni 27 ziliuzwa. Nyimbo zake mbili mashuhuri, za kuwatia watu moyo kwamba muujiza utatokea na kwamba dunia haitaisha, maneno yake yaliandikwa na Bruno Balz, mwanamume aliyekuwa amefungwa na Wanazi kwa kupenda wanaume. Utawala ulimtesa, kisha ukaimba maneno yake. Habari hii iweke akiba, utaihitaji katika kikao kinachofuata.

Kikao cha tatu ni cha filamu za upande wa wapinzani. Kosa kubwa kuliko yote kwenye mada hii hutokea hapo, na hutokea kwa sababu zimetengenezwa vizuri. Roma città aperta ya Roberto Rossellini, ya 1945, ni filamu ya heshima. Anna Magnani akikimbilia lori lililombeba mchumba wake na kupigwa risasi barabarani ni tukio ambalo hakuna mtu hulitazama akabaki alivyokuwa. Lakini angalia maadui wamechorwaje. Meja wa Kijerumani ana madaha ya kike. Msaidizi wake Ingrid anamnasa msichana Marina kwa dawa za kulevya na koti la manyoya, na kamera inadokeza waziwazi kwamba anamtamani. Miaka 25 baadaye Bernardo Bertolucci alitengeneza Il conformista kutokana na riwaya ya Alberto Moravia ya 1951. Marcello Clerici, aliyepatwa na tukio la kingono na dereva alipokuwa mtoto, anatafuta kuwa wa kawaida kwa nguvu zake zote: anaoa, anajiunga na mafashisti, anakubali kushiriki mauaji ya profesa wake wa zamani aliyekimbilia Paris.

Il conformista ina jambo zito la kusema: kwamba hamu ya kufanana na wengine inaweza kumfikisha mtu kwenye mauaji. Ila ukiionyesha bila maandalizi, nusu ya chumba itatoka na hitimisho kwamba ufashisti ulikuwa ugonjwa wa watu waliopotoka kijinsia. Hilo ni kinyume cha historia. Ujerumani ilikipanua kifungu cha 175, kilichoadhibu mapenzi kati ya wanaume, mwaka 1935, na watu wapatao 50,000 walihukumiwa kwa kifungu hicho chini ya Wanazi. Maelfu wakaishia kambini. Italia ilifanya kwa njia nyingine. Rasimu ya sheria ya jinai ilikuwa na kifungu cha kuwaadhibu wapenzi wa jinsia moja, kikaondolewa kwa hoja kwamba uovu huo haumo kwa Waitalia, halafu polisi wakawa wanawakamata na kuwapeleka uhamishoni visiwani bila mahakama. Mwaka 1939 wanaume wapatao 45 kutoka Catania walipelekwa kisiwa cha San Domino katika visiwa vya Tremiti. Waliodhaniwa kuwa chanzo cha ufashisti walikuwa miongoni mwa waliouawa na kufungwa nao.

Ndiyo maana sheria hutangulia. Mwenye karatasi ile mkononi huisoma Il conformista vizuri: anaona kwamba aliyemponza Marcello ni dunia iliyomwambia mwanamume ni mume, baba na askari, na kwamba asipokuwa hivyo si kitu.

Hapa Afrika Mashariki mada hii inahitaji tahadhari mahususi. Sheria za Kenya na Tanzania bado zinaadhibu mapenzi ya jinsia moja, na chumbani hujui nani ana nini moyoni. Usimuulize mtu habari zake. Usiruhusu swali la “wewe ungefanyaje?” ligeuke kuwa mahojiano. Zungumzeni juu ya wahusika, basi. Vilevile, onyesho la hadhara lina taratibu zake: Tanzania kuna Bodi ya Filamu, Kenya kuna KFCB, bodi yao ya kuainisha filamu. Ulizia mapema, na muulize pia mwenye haki za filamu, maana kuwa na nakala ya kutazama nyumbani hakukupi ruhusa ya kuuza viti.

Kikao cha nne ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kina Una giornata particolare ya Ettore Scola, ya 1977. Kama muda au fedha vinakuruhusu filamu moja tu, chukua hii. Yote inatokea siku moja, Mei 6, 1938, Hitler akiwa Roma, ndani ya jengo moja kubwa la makazi. Inafunguka na filamu za habari za kweli za ziara hiyo. Watu huchoka na dakika hizo za mwanzo na huomba uzirushe mbele. Usizirushe. Halafu kamera inapanda uani, inapita bendera zinazotundikwa, inaingia dirishani kwa Antonietta, naye anapiga pasi na kuanza kuamsha watoto sita. Gwaride lililotazamwa kwa mbali limeingia jikoni kwa pumzi moja.

Mume na watoto wanaondoka kwenda kushangilia. Antonietta anabaki na vyombo, vitanda na nguo. Katika jengo zima amebaki yeye, msimamizi wa jengo, na jirani wa upande wa pili, Gabriele, mtangazaji aliyefukuzwa redioni, anayengoja kuchukuliwa kwenda uhamishoni Sardinia. Ndege wa kufugwa wa Antonietta anatoroka na kutua dirishani kwa Gabriele, na ndipo wanakutana.

Sikilizeni redio. Msimamizi wa jengo ameifungulia kwa sauti kubwa uani, na utangazaji wa gwaride hauishi filamu nzima. Wanazungumza juu ya kahawa, gwaride linanguruma. Wanaanua nguo juu ya paa, gwaride linanguruma. Kwa hiyo mtindo wetu wa vibandani, wa mtu kushika maiki na kusimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu, haufai hapa hata kama umeshazoeleka na unapendwa. Unaifuta redio, na redio ni mhusika wa tatu. Kama maandishi ya tafsiri chini ya picha ni ya Kiingereza au Kifaransa na baadhi ya wenzako hawayafuati, andika muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili, uugawe kabla, na usimamishe filamu mara tatu au nne ueleze. Hiyo inaongeza kama nusu saa, basi panga saa tatu kamili: filamu inachukua saa moja na dakika zaidi ya arobaini, maelezo nusu saa, mjadala unaobaki.

Kisha kaeni na daftari la Antonietta. Amebandika humo picha za Mussolini kwa mapenzi kama msichana anavyobandika picha za mwimbaji, na ameandika maneno yake pia, pamoja na yale yanayosema kwamba kipaji kikubwa ni cha wanaume tu na hakipatani na maumbile ya mwanamke. Ameyanakili kwa mkono wake. Gabriele anapoyasoma, mwombeni kila mtu amtazame Antonietta usoni. Huyu ndiye mtu ambaye vitabu vingi vya historia vinamruka: mwanamke mwenye watoto sita, ambaye nyumbani wanapanga wa saba kwa ajili ya ruzuku ya familia kubwa, aliyechoka, ambaye mumewe ana mwanamke mwingine, na bado anaupenda utawala unaomwambia yeye si kitu. Kwa nini? Mjadala mzuri unakaa hapo muda mrefu. Jibu la haraka, kwamba alidanganywa, halitoshi. Utawala ulikuwa umempa jina, mama wa taifa, mahali ambapo mumewe hakumpa hata shukrani.

Na Gabriele naye hakuanza kuwa mpinzani. Anasema wazi kwamba si yeye aliyeupinga ufashisti. Ufashisti ndio uliompinga yeye. Kwa filamu hii Scola anaurekebisha ule mchoro wa Rossellini na Bertolucci: mwanamume asiyekuwa mume, baba wala askari ndiye pekee katika jengo lile anayemwona Antonietta kuwa mtu. Onya watu mapema juu ya tukio la paani, kwenye nguo zilizoanikwa, ambapo Antonietta anampiga kofi. Linauma kwa aliyewahi kukataliwa na pia kwa aliyewahi kupigwa. Mara nyingi kuna mwanamke chumbani anayetokwa na machozi, na si kwa sababu ya Gabriele bali kwa sababu ya vyombo vilivyojaa jikoni. Acha dakika kumi za kimya baada ya filamu. Usiwashe taa haraka.

Kwa upande wa vitabu vya enzi ile viwili vinatosha, na vyote viliandikwa kabla Vita vya Pili vya Dunia havijaanza. Virginia Woolf katika Three Guineas, 1938, anaweka picha za wanaume wa Uingereza wenye madaraka wakiwa wamevaa majoho na sare zao, jaji, askofu mkuu, jenerali, na kudai kwamba ubabe wa baba nyumbani na ubabe wa dikteta ni ndugu. Maelezo yake ya nyuma ni mengi; soma maandishi makuu kwanza.

Kitabu cha pili, Swastika Night, kilitoka 1937 kwa jina la Murray Constantine. Aliyekiandika alikuwa mwanamke, Katharine Burdekin, na hilo lilijulikana hadharani miaka ya 1980. Anaiwaza dunia karne saba baada ya Wanazi kushinda. Hitler anaabudiwa kama mungu asiyezaliwa na mwanamke. Wanawake wamenyolewa vichwa, wamefungiwa nyuma ya uzio kama mifugo, na kuwabaka si kosa. Kurasa nyingi ni mazungumzo ya wanaume wakibishana, na wasomaji wengi hukiacha njiani. Waambie wavumilie hadi kwenye picha. Mzee mmoja wa tabaka la juu anamwonyesha Mwingereza Alfred picha ya kweli iliyofichwa kwa vizazi: Hitler ni mtu mfupi wa kawaida mwenye kitambi, si jitu la dhahabu, na kando yake kuna kijana mzuri mwenye nywele ndefu na macho yasiyo na woga, ambaye anadhaniwa kuwa mvulana. Ni msichana. Wanaume wale hawajawahi kuona mwanamke anayesimama wima, kwa hiyo macho yao hayamtambui. Someni ukurasa huo kwa sauti. Na zingatieni alichokitabiri Burdekin: katika dunia ile watoto wa kike wanazidi kupungua, na watawala hawawezi kutangaza, kwa maana itabidi wakiri kwamba wanamhitaji waliyemdharau.

Kikao cha mwisho kielekee Ethiopia, na kwetu si mbali. Mwaka 1941 askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walipigana na Waitalia huko. Anza na wimbo wa 1935, Faccetta nera, unaomwahidi msichana wa Kihabeshi kwamba askari wa Italia wanakuja kumkomboa na kwamba ataandamana mbele ya Duce, yaani Mussolini. Weka kando yake amri ya Aprili 19, 1937: Mwitalia aliyeishi kinyumba na mwanamke wa makoloni ya Afrika Mashariki alipata kifungo cha mwaka mmoja hadi mitano. Msomaji wa haraka atasema amri ile ilimlinda mwanamke. Isomeni tena. Iliadhibu kuishi pamoja kama mume na mke. Kwenda kwa kahaba hakukuadhibiwa. Kilichokatazwa ni kumpa mwanamke wa Kiafrika nafasi ya mke.

Riwaya ya Maaza Mengiste, The Shadow King, ya 2019, inajibu kutoka upande wa pili. Hirut ni mtumishi wa nyumbani anayebeba bunduki, na yeye na wanawake wenzake wanapigana na Waitalia huku wakipigana pia na wanaume wao wenyewe, wanaowataka wabebe maji na kuuguza majeruhi. Mengiste hamsafishi kamanda wa Kihabeshi. Kamanda huyo anambaka Hirut, na riwaya inalisema hivyo. Wengine chumbani watakasirika kwamba aibu ya ndani imetolewa nje wakati adui ni mkoloni. Waache waseme, kisha warudisheni kwenye kurasa zinazohusu picha. Askari wa Italia anaamriwa kuwapiga picha mateka, wakiwemo wanawake waliodhalilishwa, na Mengiste hatuwekei picha hizo. Anazieleza kwa maneno, moja moja, katika sura fupi. Mwandaaji afuate mfano huo. Picha za kikoloni za wanawake wa Ethiopia, Eritrea na Somalia zimejaa kwenye intaneti, na kishawishi cha kuzitupia ukutani kwa projekta ili watu “waone” ni kikubwa. Usifanye hivyo. Soma maelezo ya Mengiste, mtu mmoja kwa kila picha, na uwaulize wasikilizaji aliyepigwa picha alikuwa anatazama wapi.